Usiige saa zao: kwa msomaji anayekwama sura ya nne

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Nina kazi ya kutwa na mtoto mdogo. Nimesoma sana habari za watunzi mashuhuri wa riwaya: nani huamka saa ngapi, nani huandika maneno mangapi kwa siku. Nimejaribu kuwaiga, nimeshindwa. Kwa miaka miwili nimeanza riwaya tatu na zote zimeishia sura ya nne. Je, ufundi wao hufundishika au mtu huzaliwa nao? Kama hufundishika, nianzie wapi? Na je, nianze riwaya ya nne?"

Ndugu msomaji,

Kilichonishika katika barua yako si saa za kuamka wala idadi ya maneno. Ni hiyo sura ya nne. Riwaya tatu, visa vitatu tofauti, na zote zimekata roho mahali pale pale. Mtu asiye na nidhamu hukwama popote: leo ukurasa wa pili, kesho sura ya tisa. Anayekwama mara tatu kwenye kona moja ana tatizo la ufundi, na ufundi hufundishika. Nitasema juu ya tabia kwa kuwa umeziuliza, kisha tukae hapo kwenye kona.

Ukizikusanya ratiba za watunzi na kuzipanga pamoja, zitagombana. Haruki Murakami, anapokuwa ndani ya riwaya, huamka saa 10 alfajiri, huandika kwa saa tano au sita, kisha hukimbia kilomita 10 au huogelea. Octavia Butler, enzi za vibarua vya kuosha vyombo na kukagua krispi za viazi, aliamka saa 8 usiku ili aandike kabla ya kwenda kazini. Franz Kafka alitoka ofisi ya bima akasubiri nyumba ilale. Usiku wa tarehe 22 Septemba 1912 aliketi saa 4 usiku na kuinuka saa 12 asubuhi akiwa na hadithi fupi nzima. (Riwaya zake tatu, kwa upande mwingine, alifariki bila kuzimaliza. Ajabu, wanaosifu usiku ule husahau kulitaja hilo.) Georges Simenon alimaliza riwaya kwa siku 11 hivi. Gustave Flaubert alitumia karibu miaka mitano kwa moja. Sasa umwige nani?

Mfano unaopendwa kuliko yote ni wa Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mtumishi wa posta. Aliketi mezani saa 11:30 alfajiri, saa yake ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Mtumishi wake mzee alilipwa pauni 5 za ziada kwa mwaka kwa kazi ya kumwamsha. Kwa mwendo huo akaacha riwaya 47. Watu husoma habari hizi wakakimbilia kutega kengele ya simu. Wanachokiruka ni kitu kidogo alichokitaja katika tawasifu yake, iliyochapishwa 1883 akiwa ameshafariki: nusu saa ya kwanza hakuandika kitu kipya. Aliisoma kazi ya jana, akiipima kwa sikio.

Ernest Hemingway hakufanana na Trollope kwa lolote, lakini naye alianza siku kwa kusoma alichokwisha andika, na aliacha kazi pale ambapo bado alijua kitakachofuata. Hakungoja kisima kikauke. Simenon alikwenda mbali zaidi: aliandika sura moja kwa siku bila kupumzika, na alisema kwamba akiugua saa 48 tu, sura zote za nyuma huzitupa, kwa sababu hawezi tena kuingia alimotoka.

Hapo ndipo wanapokutana hawa wote wasiofanana. Kila mmoja alijitengenezea njia ya kurudi ndani ya kitabu. Shairi au hadithi fupi unaweza kuibeba kichwani mara moja. Riwaya huwezi. Ina watu, siri, ahadi ulizompa msomaji ukurasa wa sita, rangi ya mlango, nani anajua nini hadi sasa. Ukiiacha wiki mbili, unaporudi unakuta nyumba ya mtu mwingine, na kipindi chako chote kinakwisha ukitafuta swichi ya taa. Ndiyo maana mwenye nusu saa kila siku humpita mwenye Jumamosi nzima mara moja kwa mwezi. Saa yenyewe, iwe alfajiri au usiku wa manane, ni jambo la mwili wako na watu unaoishi nao. Toni Morrison alianza kuandika kabla ya mapambazuko kwa sababu alikuwa mhariri katika kampuni ya vitabu na mama wa watoto wawili, na huo ndio wakati ambao hakuna aliyemwita. Haikuwa ibada, ilikuwa nafasi iliyobaki.

Kwako wewe basi: nusu saa, siku tano kwa wiki, katika nafasi iliyobaki. Dakika kumi za kwanza soma ya jana kwa sauti ya chini, rekebisha neno mojamoja tu, usijenge upya. Dakika ishirini andika. Acha katikati ya tukio, ikiwezekana katikati ya mazungumzo, na chini yake andika mstari mmoja wa kesho: "Anakaribia kumwambia kuhusu barua, lakini mlango unagongwa." Ukipata maneno 300 kwa kikao, hayo ni 1,500 kwa wiki, na wiki 40 ni maneno 60,000. Hiyo ni riwaya. Siku ambayo maneno hayaji, fanya kama John Steinbeck mwaka 1951: kila siku kabla ya kazi alimwandikia mhariri wake barua kwenye ukurasa wa kushoto wa daftari, akilalamika, akipanga, akijiuliza, kisha riwaya yenyewe ikaandikwa ukurasa wa kulia. Mwandikie mtu yeyote. Usiipeleke.

Tabia nimezimaliza. Sasa kona yako.

Sura tatu za mwanzo wa riwaya hubebwa na vitu ambavyo vitakwisha. Kuna mandhari mapya, kuna wahusika wanaoingia mmoja mmoja, kuna siri ambayo wewe mwenyewe unafurahia kuificha. Kila ukurasa una kitu cha kutambulisha, na kutambulisha ni rahisi. Sura ya nne inapofika, wageni wote wameshaketi. Msomaji anawatazama, wanamtazama, na swali linaingia chumbani: haya, kwa hiyo? Kwa miaka mingi nimesoma miswada ya watunzi wapya, na sasa nafungua sura ya nne kabla ya ya kwanza. Mara nyingi nakuta mojawapo ya haya: mhusika mkuu amelala anaota; amesafiri, na dirishani anakumbuka utoto wake; au ametembelewa na rafiki na wanazungumza juu ya mambo tuliyokwisha kuyaona. Mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kwenye yaliyopita, ni mbinu nzuri, lakini katika sura ya nne huwa haijaitwa kwa kazi yake. Imeitwa kwa sababu mbele hakuna njia.

Njia inakosekana kwa sababu mhusika hataki kitu, au anakitaka na hakuna kinachomzuia, au kinachomzuia hakimgharimu. Angalia miswada yako mitatu. Naamini utakuta mtu ambaye mambo *yanamtokea*: anafiwa, anafukuzwa, anapendwa. Anahuzunika vizuri sana. Lakini hachagui.

Simenon alikuwa na desturi ambayo naithamini kuliko siku zake 11. Kabla ya kuanza, alichukua bahasha, akaandika juu yake majina ya wahusika, umri, anwani, familia. Kisha alijiuliza swali moja: huyu mtu, kwa mahali alipo, kazi yake na jamaa zake, ni jambo gani likimpata litamlazimisha kwenda hadi mwisho wa uwezo wake? Lione neno *kumlazimisha*. Jambo la kuhuzunisha halitoshi. Linatakiwa jambo ambalo huyu, kwa tabia yake hii, hawezi kulipita pembeni.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu mkuu anaanza kupoteza uwezo wa kuona. Hii ni hali, bado si kisa. Ukiandika hivyo tu, sura ya kwanza atagundua, ya pili atalia, ya tatu mke wake atagundua, ya nne ataota. Sasa mpe kutaka: anataka amalize mwaka bila mtu kujua, kwa sababu miaka michache nyuma yeye mwenyewe alimwondoa mwenzake kazini kwa udhaifu kama huo, bila huruma. Tayari kuna deni. Hawezi kusoma karatasi, kwa hiyo anamwomba mwanafunzi mmoja amsomee kwa siri. Mwanafunzi anayajua maswali ya mtihani, kwa hiyo sasa ana nguvu juu ya mkuu wake. Mwanafunzi anamsaidia rafiki, matokeo yanashangaza, anakuja mkaguzi. Na mkaguzi ni nani? Yule mwenzake aliyeondolewa. Kila anachofanya kuficha ndicho kinachomfunua. Kisa hiki kinaweza kuwa kibaya bado, lakini sura ya nne hakitakufa, maana sura ya tatu inaidai.

Soma muhtasari wa sura zako kwa mpigo mmoja na usikilize viunganishi. Kama kati ya sura na sura unaweza kusema "halafu" tu, una orodha ya matukio. Unatafuta "kwa hiyo", na mara nyingi zaidi "lakini".

Kuna ugonjwa mwingine wa kona hiyo, nao ni kujaza mno. Chinua Achebe alipoanza riwaya yake ya kwanza alikusudia kusimulia vizazi vitatu, babu, baba na mjukuu, ndani ya kitabu kimoja. Alipoisoma akaona imekuwa nyembamba: watu wengi, hakuna aliyeingiwa kwa kina. Akaigawa. Kizazi cha kwanza kikawa kitabu kilichotoka 1958, na mjukuu akasubiri kitabu cha 1960. Kama mojawapo ya miswada yako ina historia ya ukoo mzima, jibu lako huenda liko hapo.

Umeuliza ufundi hujifunzwa vipi. Kwa kusoma, ndiyo, lakini si kusoma kwa msomaji. Msomaji anakalia kiti; fundi seremala anakipindua kuangalia kimeungwaje. Chagua riwaya moja tu unayoipenda na ambayo umeshaisoma, ili mwisho usikuvute. Isome tena na daftari. Kila sura, mistari minne: nani anataka nini, nini kinamzuia, nini kimebadilika mwishoni, na sura imefungwa kwenye nini. Pembeni weka alama panapoonyeshwa tukio moja kwa moja, watu wakisema na kutenda, na panaposimuliwa kwa muhtasari. Utashangazwa na jinsi mtunzi mzuri anavyoruka. Miaka mitatu anaipa sentensi moja, chakula cha jioni kimoja anakipa kurasa kumi na mbili. Watunzi wapya hufanya kinyume: huonyesha safari yote ya kwenda kwenye ugomvi, kisha ugomvi wenyewe wanausimulia kwa mistari miwili, labda kwa kuuogopa. Wiki tatu za kazi hii zitakufaa kuliko vitabu kumi vya ushauri, pamoja na jibu hili.

Zoezi la pili nimeliazima kwa mtu asiyekuwa mtunzi wa riwaya. Benjamin Franklin, alipokuwa kijana, alijifunza kuandika kwa kuchukua insha aliyoipenda, kuandika dokezo fupi kwa kila sentensi, kuiweka kando siku kadhaa, kisha kuiandika upya kwa dokezo zile na kulinganisha yake na ya asili. Fanya hivyo kwa tukio la kurasa mbili. Utakapolinganisha, tafuta sehemu moja tu ambayo mwenzako alikaa kimya na wewe ukaeleza. Kwa kawaida ipo, na kwa kawaida ni pale mhusika anapohisi kitu.

Na sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna mzigo wetu wa pekee: insha za shule. Tulifunzwa kwamba uandishi mzuri ni jua kuchomoza kwa madaha, methali kila aya, na tamathali zilizopangwa kama vyombo vya maonyesho. Tukija kwenye riwaya, wahusika wetu wote, mtoto, mlevi, hakimu, wanazungumza kama mwanafunzi anayetafuta alama. Methali ndani ya riwaya ni mali ya mhusika. Ikitoka mdomoni mwa mtu anayeitumia kukwepa swali, ni dhahabu. Ikitoka kwa msimulizi anayejipamba, ni vumbi. Dawa ninayoijua ni sikio. Flaubert alizipaza sentensi zake kwa sauti chumbani kwake ili azisikie zinapojikwaa. Soma mazungumzo yako kwa sauti, ukifunika majina ya wasemaji. Kama hujui nani anasema, bado hawajaanza kusema.

Kuhusu kuzaliwa na kipaji. Kipaji kipo, sitakudanganya, na baadhi ya watu wana sikio ambalo wengine hatutalipata. Lakini riwaya nzuri mara chache huwa ndiyo ile iliyoandikwa mara ya kwanza. Mwaka 1957 mswada wa Harper Lee ulifika kwa mchapishaji, ukimhusu mwanamke mtu mzima aliyerudi kumtembelea baba yake. Mhariri wake, Tay Hohoff, aliona uhai uko kwenye kumbukumbu za utotoni, akamshauri aiandike upya kutoka huko. Ilichukua zaidi ya miaka miwili. Matokeo yalikuwa *To Kill a Mockingbird*, 1960, na Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Ule mswada wa awali ulichapishwa 2015 kwa jina la *Go Set a Watchman*, kwa hiyo yeyote anaweza kuviweka vitabu hivyo viwili kando kwa kando. Ni somo adimu: mwandishi yule yule, kipaji kile kile, mji ule ule. Kilichohama ni mtazamo wa usimulizi, na pamoja nao kitabu kizima. Hemingway naye alisema mwisho wa riwaya yake moja aliuandika upya mara 39; rasimu za mwisho huo zilipochapishwa 2012 zilihesabiwa 47.

Lakini huwezi kuandika upya kisichokwisha. Hapa ndipo nakukataza kitu: usirudi kung'arisha sura tatu za mwanzo. Najua unazipenda. Pengine zimeshapitiwa mara nyingi kuliko zinavyostahili, na ukimaliza kitabu utagundua ya kwanza ilitakiwa iwe ya pili. Ukikamilisha rasimu, ifungie wiki sita, kama anavyoshauri Stephen King, kisha isome kama ya mtu usiyemjua. Kumwonyesha mtu kabla ya hapo ni hasara mara mbili: akisifu utalegea, akiponda utaacha.

Sasa lile swali la mwisho. Hapana, usianze ya nne. Chukua bahasha tatu, moja kwa kila mswada, na uandike Jumapili hii majina, umri, kazi, jamaa. Kila moja uiulize swali la Simenon, na ujipe dakika ishirini za kujibu. Mswada ambao mhusika wake anakupa jibu linalokutia hofu kidogo, hata kama lugha yake ndiyo mbovu kuliko yote, ndio wa kuendelea nao. Ile sura ya nne iliyokwama usiifufue. Iandikie mistari mitatu ya muhtasari, ukidhani imeshaandikwa na imekwenda vizuri: nani alichagua nini, na kimemgharimu nini. Chini yake acha nusu ukurasa mtupu. Jumatatu, katika nafasi yako iliyobaki, isome mistari hiyo mitatu na uanze sura ya tano.